Kihamba: Mboga Zilizolelewa na Kivuli

Mafundisho mengi ya bustani humtaka mkulima atafute penye jua tele na aondoe miti. Lakini kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga wa Mlima Kilimanjaro, kuanzia Rombo hadi Machame, mboga hustawi chini ya migomba, na migomba yenyewe imesimama chini ya miti ya miringaringa. Wapo wanaoona hapo mabaki ya msitu tu, au kazi ya watu waliobanwa na uhaba wa ardhi wakalima popote palipobaki. Sikubaliani nao. Kihamba ni zao la ustadi wa zamani wa kuugawa mwanga, na kivuli chake kilitunzwa kwa bidii ileile iliyotumika kutunza mazao.

Tazama mpangilio wake. Mwaka 1984 watafiti Fernandes, Oktingati na Maghembe walikieleza kihamba ngazi kwa ngazi: chini, hadi kimo cha mita 1, magimbi, maharage na majani ya mifugo, kisha mibuni, hadi mita 2.5, kisha migomba, hadi mita 5, na juu kabisa miti ya kuni, malisho na mbao, mingine ikifikia mita 30. Walikuta zaidi ya aina 100 za mimea. Msitu haujipangi hivyo wenyewe. Mti wa mfuruanje uliachwa usimame kwa kuwa vijani vyake vidogo hupitisha mwanga, nao ni wa jamii ya mikunde, unaorutubisha udongo. Gimbi lilipandwa kandokando ya mfongo, mfereji unaoteremsha maji ya mlimani, maana linapenda unyevu na kivuli hakilisumbui. Kiazi kikuu kilipewa mti wa kupanda. Mnafu, unaovumilia kivuli chepesi, ulipata nafasi palipo na mwanya kati ya migomba. Giza lilipozidi, matawi yalipogolewa na machipukizi ya migomba yakapunguzwa. Majani na vigogo vikaenda kwa ng'ombe aliyefungiwa zizini, na samadi ikarudi shinani. Mboga ya kivulini hailiwi bila kazi hiyo ya panga na samadi.

Hoja ya uhaba wa ardhi ina ukweli wake kwa karne ya 20, vihamba vilipogawanywa kwa wana na wajukuu hadi vikawa vipande vidogo. Ila haielezi asili. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilema mwaka 1848, alikuta nchi ya migomba. Kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na ilipoenea miongoni mwa wananchi, iliingizwa chini ya kivuli kilichokuwapo tayari.

Mwingine atasema kivuli hupunguza mavuno. Ni kweli kwa mahindi, nyanya na vitunguu, na Wachagga hawakubishana na jambo hilo. Kaya nyingi zilikuwa na shamba la pili huko chini, penye joto na jua, kwa ajili ya nafaka. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote: waliojua zao gani linataka jua walilipelekea jua, wakabaki na kivuli nyumbani kwa makusudi. Walikuwa na sababu: kwenye mteremko mkali unaopata mvua ya milimita 1,000 hadi 1,700 kwa mwaka, udongo ulioachwa wazi huishia mtoni.

Bei ya kahawa iliposhuka, wengi waling'oa mibuni na kuangusha miti ili walime mazao ya kuuzwa upesi. Siwalaumu, ada za shule hazisubiri. Lakini mringaringa ukishaangushwa, kivuli chake hakirudi kwa msimu mmoja. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, heshima inayostahili, ingawa cheti hakipogoi tawi. Maafisa ugani na wenye vihamba, naomba panga litangulie shoka: pogoeni kwanza, mpime mwanga uliopatikana, mpande mnafu na magimbi, na nyanya mzipeleke shamba la chini.