Fomu Yafika Kahawa Haijakauka

Majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha tano na vyuo vya ufundi hutangazwa wakati robusta inaiva kwenye vilima vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Muhula huanza Julai. Fomu ya kujiunga inataka godoro, ndoo, sare, madaftari, na nauli ya kwenda mkoa ambao pengine mzazi hajawahi kuukanyaga. Fedha ya kahawa bado iko juani, inaanikwa. Ndipo anapobisha hodi mnunuzi wa butura, anayelipa bei ya chini kwa kahawa iliyo bado mtini. Mzazi anauza. Asipouza, mtoto anabaki nyumbani, na kijijini wanasema hakupenda shule.

Maneno hayo yananiuma, kwa sababu historia ya wilaya hizi mbili inasema vingine.

Wapelelezi Speke na Grant walipofika kwa Omukama (mfalme) Rumanyika mwaka 1861, Karagwe haikuwa pembezoni mwa kitu chochote. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, na kazi za wahunzi wa ufalme huu zilisifika. Shule ndiyo iliyoigeuza Karagwe kuwa mbali. Wamisionari wa White Fathers walianza Kashozi, karibu na Ziwa Victoria, mwaka 1892. Seminari ya Rubya, alikosoma Laurean Rugambwa aliyekuja kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, nayo ilifunguliwa upande huohuo. Mtoto wa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, aliyetaka kusoma zaidi ilimpasa aelekee mashariki, zaidi ya kilometa 100, akaishi ugenini. Lami ya kutoka Kyaka hadi Bugene ilikuja juzi tu, katika muongo uliopita.

Kilichowasogeza watu karibu na darasa kilikuwa kahawa. Iliwalipia ada Wahaya wa Bukoba tangu enzi za Mwingereza, na ikavuka hadi Karagwe pamoja na familia zilizohamia huku kutafuta ardhi. Chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, KDCU, kilizaliwa mwaka 1990. Tangu hapo hata sasa, ukitaka kujua ni watoto wangapi wa kijiji watavuka kwenda mbele, uliza kwanza bei ya kahawa na siku ambayo chama cha msingi kitalipa.

Serikali nayo ilifungua mlango na kuubana. Azimio la Musoma la mwaka 1974 na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 viliifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, miaka saba. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi nzima, hawakufika hata 10 kati ya kila 100 waliomaliza darasa la saba waliopata nafasi katika sekondari za serikali, na nafasi hizo ziligawanywa kwa mgao wa mikoa. Wazazi na makanisa wakajenga za kwao. Bweranyange, palipokuwa ikulu ya Rumanyika, pana sekondari ya wasichana ya Dayosisi ya Karagwe ya KKKT, dayosisi iliyoanzishwa mwaka 1979.

Wasichana, kwa kweli, wanastahili makala yao. Kwa mila za Kagera kibanja cha ukoo, yaani shamba la urithi, hukaa mikononi mwa wanaume. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua katika shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba aliloachiwa na baba yake kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Hukumu ile ni fahari ya nchi, lakini mila haikufutika kwa siku moja. Mvulana akifeli ana pa kurudi. Msichana asiye na kibanja ana cheti, au ana ndoa. Ndiyo maana mimi huwaona wasichana wanaong'ang'ania bweni kuwa watu wanaotetea urithi wao pekee.

Kisha ikaja misiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa Ndolage, katika mkoa huuhuu. Utafiti uliofuatilia kaya za Kagera kuanzia mwaka 1991, Karagwe ikiwemo, kabla Kyerwa haijamegwa kutoka humo kuwa wilaya mwaka 2012, ulionyesha kwamba mtoto aliyefiwa na mama alipoteza karibu mwaka mzima wa masomo, hasara ambayo hakuifidia tena. Ulionyesha pia kwamba mazao yakiharibika, saa za kazi za watoto huongezeka. Na waliohama vijiji vyao, kufikia mwaka 2004, matumizi yao yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya ndugu zao waliobaki. Vijana hawahitaji kusoma ripoti hiyo. Wanamwona kaka aliyerudi Krismasi kutoka Mwanza au Kampala, wanawaona wachimba bati wa Kyerwa wakishika fedha taslimu leo, na wanapima.

Ada ya sekondari za kata ilifutwa mwaka 2016, ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Ni hatua kubwa, na sitaki kuipunguza. Ila ada haikuwa kikwazo pekee. Godoro na nauli vimebaki kwa mzazi, na vimebaki Julai.

Sasa elimu ya lazima imepangwa kufika miaka kumi, na mkondo wa amali, yaani wa ufundi, katika sekondari ulianza mwaka 2024. Chuo kikubwa cha VETA cha mkoa kilizinduliwa mwaka 2022 Burugo, Bukoba: tena upande wa ziwa. Kwa kuwa elimu ya msingi inapungua kuwa miaka sita, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, waingie kidato cha kwanza Januari 2028, na mwishoni mwa mwaka 2031 makundi hayo mawili yatamaliza kidato cha nne kwa pamoja. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zianze sasa kujenga karakana na mabweni ya wasichana hukuhuku, na vyama vya msingi vipange kumlipa mkulima mwenye barua ya kujiunga kabla mnunuzi wa butura hajafika mlangoni kwake.