Nzi, nyuki na mbwa ndani ya zeze la Wafaransa

JUZI mwanafunzi wangu aliniuliza hurdy-gurdy ni nini kwa Kiswahili, nami nikababaika. Ni ala isiyo na uta: mchezaji huzungusha gurudumu la mbao likasugua nyuzi, mkono wa kushoto ukibonyeza vitufe. Wafaransa huiita vielle à roue, yaani zeze la gurudumu.

Mhenga wake amechongwa kwenye jiwe katika kanisa kuu la Santiago de Compostela, Uhispania, tangu mwishoni mwa karne ya 12. Wazee wawili wanaicheza pamoja.

Kufikia karne ya 18, ile ya Kifaransa ilikuwa na nyuzi sita. Mbili huimba wimbo, zote katika sauti ya sol. Nne huvuma tu: tarumbeta, nzi, na bourdon mbili, ndogo na kubwa. Bourdon pia ni nyuki mnene avumaye! Tarumbeta hupita juu ya kidaraja kilicholegea kiitwacho mbwa. Ukishtua gurudumu, mbwa hunguruma.

Ukicheza katika do, tarumbeta huwa do na nyuki mdogo huvuma. Ukihamia sol, unakaza tarumbeta hadi re, unamtenga mdogo na gurudumu, unamrejesha mkubwa. Nzi habanduki kwenye sol.

Hebu tazama: istilahi nzima imetoka uani. Sisi tukikwama hukimbilia kutohoa, eti Kiswahili hakitoshi. Kwani nzi, nyuki na mbwa hatunao? Nilipomweleza hivyo, mwanafunzi alielewa papo hapo.