Kutoka Banagi hadi Arusha: Historia Fupi ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania

Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, ambayo wengi tunaijua kwa jina la TAWIRI, ilizaliwa kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 1980. Lakini anayetaka kuielewa aanzie nyuma kidogo, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati serikali ya Waingereza ilipokuwa ikivutana na wadau wake juu ya mipaka ya Serengeti. Wataalamu walipanga kuimega hifadhi, na hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kutosha wa mahali nyumbu wanapokwenda majani yanapokauka.

Mwaka 1958 Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, Ujerumani, na mwanawe Michael walikuja na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakaanza kuhesabu. Walipata nyumbu karibu 100,000. Idadi hiyo ilikuwa pungufu, maana hesabu ya mwaka 1961 ilitoa takriban robo milioni. Lakini walionyesha kwamba makundi yalikuwa yakivuka mipaka iliyokuwa ikichorwa mezani. Michael hakuiona kazi yake ikikamilika. Januari 1959 ndege yake iligongana na tumbusi, ikaanguka, naye akafa. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka huohuo Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi upande wa Serengeti wakahamishwa. Historia ya uhifadhi nchini mwetu haiwezi kusimuliwa kwa haki bila kuwataja watu hao walioacha malisho yao.

Mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika wakati wa uhuru, John Owen, alikuwa na msimamo mmoja ambao naona ndio msingi wa yote yaliyofuata: huwezi kuhifadhi usichokijua. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru alianzisha mradi wa utafiti wa Serengeti, ukiwa na maabara yenye jina la Michael Grzimek huko Banagi, kaskazini mwa Seronera. Septemba 1961, miezi michache kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, Mwalimu Nyerere alikwishatoa tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akiwaomba walimwengu walete wataalamu na fedha. Vyote vilikuja. Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mkuu wake wa kwanza akiwa Hugh Lamprey. Miaka mitatu baadaye Lamprey alihamia Seronera kuongoza Taasisi ya Utafiti ya Serengeti, iliyoanza rasmi mwaka 1966 kwa msaada wa mifuko kama Ford na Fritz Thyssen.

Kilichofanyika Seronera katika miaka kumi iliyofuata hakijasahaulika katika elimu ya wanyama duniani. George Schaller alikaa na simba zaidi ya miaka mitatu. Hans Kruuk alikesha na fisi, akaonyesha kwamba mnyama tuliyezoea kumwita mla mizoga ni mwindaji hodari. Anthony Sinclair aliwashika nyati, akaendelea nao kwa miongo. Utafiti wa simba haujakatika tangu hapo. Watafiti wake humtambua kila simba kwa vidoa vilivyo kwenye mashina ya sharubu zake, ambavyo havibadiliki tangu utotoni hadi uzeeni. Kila mtoto akipatikana, huchorwa vidoa vya shavu la kulia na la kushoto, na kadi yake huhifadhiwa. Hivyo ndivyo ilivyowezekana kufuata ukoo mmoja wa simba kwa vizazi na vizazi.

Lakini nikiulizwa ni lipi kubwa kuliko yote, nitataja sotoka. Ugonjwa huo uliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa karne ya 19 ukafagia ng'ombe hadi kusini mwa bara. Wamasai walikufa kwa njaa, na porini nyati na nyumbu walianguka pamoja na mifugo. Hata baada ya janga lile la kwanza, sotoka haikuondoka. Kila mwaka iliwaua ndama wa nyumbu. Watu wengi waliamini kwamba wanyamapori ndio wanaoutunza ugonjwa na kuwaambukiza ng'ombe. Kisha Muguga, nje kidogo ya Nairobi, Walter Plowright na wenzake wakatengeneza chanjo bora, na ng'ombe wanaozunguka Serengeti wakachanjwa. Ilipofika mwaka 1963 ugonjwa ulikuwa umetoweka kwa nyumbu wenyewe, ingawa hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Kumbe chanzo kilikuwa zizini.

Kwa kuwa watu wa Seronera walikuwa wakihesabu bila kuacha, waliyaona matokeo yake hatua kwa hatua. Nyumbu walipanda kutoka robo milioni mwaka 1961 hadi zaidi ya milioni 1.3 mwaka 1977. Nyumbu wengi walikula majani mengi; majani yalipopungua, mioto ya kiangazi nayo ikapungua; mioto ilipopungua, miche ya miti ikapona na mapori yakarudi. Chanjo ya ng'ombe wa mfugaji iliotesha miti ndani ya hifadhi. Jambo hilo lisingejulikana kama mtu angehesabu mwaka mmoja, akaandika kitabu, akaondoka.

Hata hivyo taasisi ile ilikuwa na kasoro, nayo haikuwa ndogo. Watafiti wake karibu wote walikuwa wageni, na takwimu nyingi ziliondoka nao. Madereva, wafuatiliaji nyayo na wasaidizi Watanzania waliobeba mzigo wa kazi hawatajwi ipasavyo katika vitabu vilivyotokana na jasho lao. Fedha za wafadhili zilipopungua katika miaka ya 1970, kituo kikaanza kudhoofika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Kenya ukafungwa na mapato ya utalii yakashuka. Kisha ikaja vita ya Kagera.

Kwa hiyo ule mwaka 1980 unastahili heshima yake. Nchi ilikuwa imetoka vitani, hazina tupu, maduka hayana sabuni. Katika hali hiyo Bunge lilipitisha sheria ya kuunda taasisi ya taifa ya kutafiti wanyamapori, ikaanza kwa jina la Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori ya Serengeti. Naliona hilo kuwa tendo la ujasiri: utafiti uliokuwa ukiendeshwa kwa hisani ya mifuko ya ng'ambo ukawa wajibu wa dola. Mwaka 1999 jina likawa TAWIRI, maana kazi yake ilikwishavuka Serengeti na kufika nchi nzima.

Kabla ya hapo, mwaka 1994, ulikuwa umekuja mtihani mkubwa. Simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kupata degedege na kufa. Uchunguzi ulionyesha ni distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, na kwa muda mfupi theluthi moja ya simba, wapatao elfu moja, walikuwa wamekwisha. Tangu hapo chanjo za distempa na kichaa cha mbwa zimekuwa zikitolewa kwa mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Faida yake imemfikia binadamu pia, kwa kuwa mbwa aliyechanjwa hamuui mtoto wa jirani kwa kichaa.

Kazi ya TAWIRI inayoonekana zaidi ni sensa. Ndege ndogo huruka kiasi cha mita mia moja juu ya ardhi, ikifuata mistari iliyonyooka. Fito mbili zilizofungwa chini ya kila bawa humwekea mhesabuji wa kiti cha nyuma mipaka ya ukanda wake: mnyama aliye kati ya fito anahesabiwa, aliye nje anaachwa. Kundi likiwa kubwa hupigwa picha na kuhesabiwa baadaye, kichwa kwa kichwa. Ni kazi ya kutapisha, jua likichoma kioo na ndege ikiyumba, na inataka macho yasiyochoka kwa saa nyingi.

Sensa hizo ndizo zilizosema ukweli mchungu wa tembo. Katika ikolojia ya Selous na Mikumi walikuwapo takriban 39,000 mwaka 2009. Mwaka 2013 walibaki 13,084. Kwa nchi nzima walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Ujangili ulikuwa umetumaliza tukiwa tunabishana kama upo. Takwimu zile zilitolewa hadharani na serikali yenyewe ilhali zilikuwa zikiiaibisha, nazo ndizo zilizoipa nguvu vita dhidi ya mitandao ya pembe. Taasisi inayoweza kuieleza serikali yake habari mbaya, na serikali ikasikiliza, ni mali ya taifa.

Leo makao makuu yako Arusha, na vituo viko Serengeti, Kingupira upande wa Selous, Kigoma kwa ajili ya sokwe wa Gombe na Mahale, na Njiro ambako hutafitiwa pia nyuki. Tembo huvishwa mikanda shingoni inayotuma mawimbi kwa setilaiti ili kujua shoroba zao, na kila baada ya miaka miwili wanasayansi hukutana Arusha kuwasilisha matokeo. Watanzania sasa ndio wanaoiongoza taasisi.

Limebaki jambo moja, nalo ni deni. Ripoti za taasisi hii bado huandikwa kwa Kiingereza karibu zote, ilhali mfugaji wa Loliondo na mkulima wa wilaya ya Serengeti au Bunda anayelala shambani akifukuza tembo ndio wanaozihitaji kwanza. TAWIRI na iwaandikie kwa Kiswahili, kurasa chache tu zinatosha, zifike ofisi za vijiji na shuleni. Nawe msomaji unayeishi jirani na hifadhi, wachanjaji wakija kijijini kwenu, mpeleke mbwa wako.