Somo la Uraia Lililotangulia Darasa

Tangu Januari 2024, ulipoanza kutumika kwa awamu mtaala mpya wa elimu, somo la Uraia na Maadili limekuwa likiondoka taratibu katika ratiba za shule zetu za msingi, na mahali pake pamekaliwa na somo la lazima liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili. Mjini Mwanza, ambako walimu hawakosi kuonana jioni wakabishana, nimesikia kauli mbili zikishindana: wapo wasemao kwamba kumwondolea mtoto somo la uraia ni kumnyima ilimu ya haki zake kabla hajafika umri wa kuzidai, na wapo wajibuo kwamba uraia usio na taarikhi ni maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani, basi afadhali mtoto aanze kwa kujua wazee wake walikopita. Kauli zote mbili zina insafu. Walakini zote mbili zinadhania kuwa raia hufinyangwa darasani, na taarikhi ya ufuko huu wa ziwa, kwa kadiri nilivyoisoma, inashuhudia kinyume: hapa somo la uraia lilisomwa kwanza penye mizani ya pamba na mbele ya ofisi za serikali, na darasa likaja nyuma, limechelewa na, aghalabu, lina khofu.

Ninaowategemea ni waandishi wawili. Wa kwanza ni Saadani Abdu Kandoro, mshairi na mmoja wa watu 17 walioiasisi TANU tarehe 7 Julai 1954, ambaye kabla ya hapo alikuwa akikitumikia chama cha TAA huku Mwanza, na ambaye mwaka 1961 alitoa kitabu chake Mwito wa Uhuru. Wa pili ni Mmarekani, G. Andrew Maguire, ambaye utafiti wake juu ya siasa za Usukuma ulichapishwa Cambridge mwaka 1969. Na msomaji atastaajabu kidogo akiambiwa kwamba bwana huyu, alipokwisha kuandika jinsi Wasukuma walivyojifunza kudai sauti katika serikali yao, alirudi kwao New Jersey akagombea yeye mwenyewe, akaketi katika Baraza la Wawakilishi la Marekani tangu 1975 hata 1981, wapiga kura walipomwondoa. Ni nadra mwanachuoni kulionja somo lake pande zote mbili.

Shule za zama za Waingereza hazikunyamaza kabisa juu ya utawala. Mtoto aliambiwa habari za mwanangwa wa kijiji chake, na juu ya mwanangwa mtemi, na juu ya mtemi Bwana Shauri, na juu ya Bwana Shauri Mkuu wa Jimbo, na juu ya wote Gavana aliyekaa Dar es Salaam. Akaambiwa pia sababu ya kulipa kodi. Habari ya kuchagua haikuwamo, maana hapakuwa na kitu cha kuchaguliwa: wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria waliteuliwa, na hata Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiya, aliyekuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia humo mwaka 1945, aliingia kwa uteuzi.

Basi ikawa zamu ya pamba. Mkulima alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi, mnunuzi akaupima, akataja uzani, na mkulima asiyejua kuisoma mizani akapokea alichopewa akaondoka akinung'unika. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini Paul Bomani, kijana mzaliwa wa Musoma aliyekuwa akifanya kazi katika ushirika wa wafanya biashara wa Kiafrika hapa Mwanza, aliwahimiza wakulima waweke watu wao penye mizani, wapime upya na kusema kwa sauti uzani wa haki ni upi. Jambo hili dogo lilizaa vyama vya msingi, na vyama vya msingi vikazaa mwaka 1955 muungano mkubwa wa ushirika wa ziwa, ambao watu waliuita kwa herufi zake za Kiingereza, VFCU. Kwangu mimi, ambaye sipendi kuona kila sifa ya uhuru ikiandikiwa chama cha siasa peke yake, hapa ndipo ilipofunguliwa shule ya kwanza ya uraia huku kwetu: watu walikusanyika chini ya mwembe, wakachagua kamati yao, wakataka hesabu zisomwe hadharani, na mwaka wa pili wakamwondoa mtunza fedha wasiyemwamini. Shule hiyo ilikuwa na faida zaidi kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa, maana tangu mwisho wa 1954 serikali iliikataza TANU katika Jimbo la Ziwa, na marufuku hayo hayakuondoka mpaka 1958.

Mwaka huo wa 1958 ndio mwaka wa Geita, na hapa naomba ruhusa ya kukawia.

Geita ya siku zile ilikuwa wilaya ya Wazinza na Wasukuma waliohamia kutafuta ardhi, pamoja na Wazungu wachache wa misheni na wa mgodi wa dhahabu na maduka machache ya Wahindi. Serikali ya Gavana Edward Twining, iliyokuwa imeshikilia itikadi kwamba Tanganyika ni nchi ya mataifa matatu yanayostahili kutawala pamoja, ilichagua wilaya hii iwe miongoni mwa za kwanza kuwekewa halmashauri ya mseto, ambamo Mwafrika, Mwasia na Mzungu wangekaa meza moja. Kwenye karatasi jambo hilo lilikuwa na sura ya adili na udugu. Kwa mkulima wa Geita, aliyekwisha kuchoshwa na amri za kulima matuta, za kupunguza ng'ombe na za kodi juu ya kodi, lilikuwa na sura nyingine kabisa: aliona watu ambao hakuwachagua wakipewa dhima juu ya ardhi yake, na watemi wake wakitia saini mambo ambayo hawakumuuliza. Akauliza, nani amekubali? Akajibiwa kwamba hakuelewa. Akauliza tena, akajibiwa kwamba amepotoshwa na wachochezi.

Hapo watu wa Geita walifanya jambo ambalo hakuna kitabu cha shule kilichowafundisha. Waliacha mashamba yao, wakaja Mwanza kwa maelfu, mji ulio ng'ambo ya ghuba, ili wapate jibu kutoka kwa Mkuu wa Jimbo mwenyewe. Na waliponyimwa jibu walilolitaka hawakutawanyika, bali walikaa, wakapika, wakalala, wakangoja. Hawakuja kuteka kitu wala kuchoma kitu. Walikuja kuuliza. Serikali, ambayo ilikuwa na maneno mengi ya kuwaambia raia lakini haikuwa na desturi ya kuulizwa na raia, ilishikwa na fadhaa, na mwishowe ikawatawanya kwa mabomu ya machozi. Ilikuwa katikati ya mwaka, Twining akiondoka nchini na Richard Turnbull akishika mahali pake, na yamkini kwamba Gavana mpya alijifunza zaidi kutokana na moshi ule wa Mwanza kuliko kutokana na faili alizorithi, kwani siasa ya mseto iliachwa, na ile halmashauri ya Geita ikazikwa pasipo matanga.

Nimekulia katika mji huu, nikasoma humu, na sikumbuki kuelezwa kisa hiki darasani hata siku moja. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3, mtoto wa Sengerema au wa Geita huvuka ghuba kwa dakika chache akaja Mwanza kwa mambo yake. Haelekei kuwa na mwalimu wa kumwambia kwamba babu yake aliwahi kuja huku kwa dai la katiba.

Mwaka ule ule wa 1958 palikuwa na jambo la kura tatu. TANU ilikutana Tabora mwezi wa Januari ikakubali, baada ya mabishano makali na kwa ufasaha wa Julius Nyerere, kuingia katika uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ambao haukuwa wa kila mtu: daftari lilimtaka mtu awe na kiwango cha elimu, au wadhifa, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka. Mwezi wa Agosti mahakama ilimtia Nyerere hatiani kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali katika gazeti la chama, ikamtoza faini ya pauni 150. Sijui kama hakimu alilitambua hilo, lakini thamani ya ulimi wa raia mmoja ilitoka sawasawa na thamani ya kura yake.

Uhuru ulipokuja, na baada yake mfumo wa chama kimoja, palitokea uchaguzi wa 1965, ambao napenda sana kuutaja mbele ya wale wanaodhani kwamba kura za zama hizo zilikuwa maigizo matupu. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa chama kile kile, waliochujwa na Halmashauri Kuu. Walizungushwa pamoja, wakahutubia jukwaa moja, wakakatazwa kutumia kabila, rangi au dini. Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Alama hizo zilikusudiwa zisiwe na upande, lakini ni nani awezaye kumzuia Mswahili asiuvute mfano? Wa jembe walisema pasipo jembe hapana chakula, na wa nyumba wakajibu kwamba hata mwenye jembe jioni hurudi nyumbani. Mawaziri wawili walianguka, na mmoja wao alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyeshindwa huku huku Mwanza: mtu aliyewafundisha wakulima kusimama penye mizani alipandishwa juu yake na wanafunzi wake, akaonekana amepungua uzani. Rais alimbakiza katika Baraza la Mawaziri, akamkabidhi uchumi na mipango ya maendeleo, na dola ikaendelea. Ila somo lilikuwa limekwisha kutolewa.

Darasa likaanza sasa kuitika. Azimio la Arusha la Februari 1967, na maandiko ya Elimu ya Kujitegemea yaliyofuata Machi, yalileta somo la Siasa katika kila shule. Na Novemba 1974, chama kilipokutana Musoma, hapo hapo ufukoni, ikakatwa shauri kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Watu wazima nao hawakusahauliwa. Tangu 1968 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya ziwa, ambamo mkulima alijifunza herufi kwa maneno ya pamba yake mwenyewe. Mwaka 1970 redio iliendesha kampeni iliyoitwa Uchaguzi ni Wako, ikasikilizwa katika vikundi vijijini. Na mwaka 1974 likatoka hapa Mwanza gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya waliokwisha kujua kusoma na wakakosa cha kusoma. Sijui mji mwingine wa nchi hii uliofanyiwa hisani kubwa kuliko hiyo katika mambo ya ilimu ya raia, na mji wetu unaizungumza kidogo mno.

Lakini somo lenyewe la Siasa, ambalo sisi tuliolisoma tunalikumbuka kwa tarehe za mikutano mikuu na kwa maazimio tuliyoyatoa kichwani kama kaida, lilitufundisha wajibu kwa ukarimu na haki kwa ubakhili. Tuliulizwa katika mtihani kazi za balozi wa nyumba kumi. Hatukuulizwa kwa nini Waziri wa Fedha alishindwa. Fadhila yake moja kubwa ni kwamba lilifundishwa kwa Kiswahili, hata sekondari, na mwanafunzi aliyetaka kubisha alikuwa na lugha ya kubishia.

Yaliyofuata yanajulikana. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi mwaka 1991, ikakuta karibu watu wanne katika kila watano wanataka chama kimoja kiendelee, na ikapendekeza vyama vingi hata hivyo; sheria ikaanza tarehe 1 Julai 1992, Siasa ikatolewa madarasani, Uraia ukaingia, na sekondari ukaingia kwa Kiingereza, hata kijana wa Magu au Ukerewe akaanza kukariri haki zake kwa lugha ambayo hawezi kumdai mtendaji wa kata kwayo. Baadaye shule za msingi ziliongezewa neno la maadili. Shule nyingi huwaachia wanafunzi wapige kura ya kiranja mkuu, baada ya walimu kuyachuja majina.

Somo hili jipya la historia linafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari, nami nalihesabu hilo kuwa jambo la kushukuriwa. Mihutasari yake ina nafasi ya harakati za kudai uhuru, na mwalimu wa Geita, wa Sengerema au wa Mwanza ana hiari ya kuijaza nafasi hiyo kwa majina ya mbali tu, au kuwapeleka wanafunzi wake kwa wazee walio jirani na shule. Aliyekuwa na miaka ishirini siku ile ya mabomu ya machozi sasa anakaribia tisini, na mihula ya kumkuta akiwa na kumbukumbu na pumzi ya kuhadithi si mingi.