Kiwanja ni cha nani? Historia ya ekipe ya wakimbizi ya Clarkston

Wazazi mlioacha nyumba zenu kwa sababu ya vita, na ninyi wakubwa wa kartie, wa avenyu na wa vijiji mnaowapokea, mazungumzo ya leo ni yenu.

Tutazungumza juu ya mpira wa miguu. Mtu atasema: mpira ni mchezo wa watoto, sisi tuna njaa na maturubai yetu yanavuja. Ni kweli. Lakini mnajua kwamba ugomvi kati ya wenyeji na wageni hauanzi kila mara na bunduki. Unaanza kwenye bomba la maji, unaanza kwenye kuni, unaanza kwenye kiwanja ambako watoto wa pande mbili wanataka kucheza. Kwa hiyo sikilizeni historia ya ekipe moja ya mbali, ambamo watoto wa Kongo nao walicheza.

Katika jimbo la Georgia, nchini Marekani, kuna mji mdogo unaoitwa Clarkston. Uko pembeni ya mji mkubwa wa Atlanta, na reli inapita katikati yake. Zamani ulikuwa mji wa watu waliojuana. Baadaye wengi wao walihamia mbali zaidi, na nyumba nyingi za kupanga zikabaki na bei ndogo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, na zaidi katika miaka ya 1990, mashirika yanayosaidia wakimbizi yaliona kwamba mahali hapo panafaa: nyumba ni rahisi, basi zipo, na kazi za Atlanta haziko mbali. Wakaja watu wa Vietnam, wa Bosnia, wa Somalia, wa Sudan, wa Liberia, wa Afghanistan, wa Burundi na wa Kongo.

Sasa jiwekeni mahali pa wenyeji. Hakuna aliyewauliza. Kila mwaka waliona sura mpya, walisikia lugha mpya, na shule ilijaa watoto wasiojua Kiingereza. Mwaka 2003 kulifanywa mkutano ili wenyeji na mashirika wazungumze. Mkutano ule ulionyesha hasira: wenyeji wengine waliuliza namna gani wakimbizi wangezuiwa wasije tena. Wakimbizi nao walikuwa na uchungu wao. Walikimbia risasi, halafu wakajikuta mahali ambapo jirani hasalimii na mtoto anachekwa njiani.

Mwaka 2004 mwanamke mmoja aitwaye Luma Mufleh, mzaliwa wa Jordan aliyesoma Marekani na kubaki huko, alifika Clarkston kununua vyakula vya kwao. Alipotea njia, akaona watoto wanacheza mpira kwenye uwanja wa kuegesha magari. Wengine hawakuwa na viatu. Alibandika matangazo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kivietnam, kuwaita vijana waje kujaribiwa. Hivyo ekipe ikazaliwa. Iliitwa Fugees, jina lililokatwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya wakimbizi. Neno ambalo watu walilitumia kuwadharau, wao walilivaa kama jezi.

Angalieni namna alivyoijenga, kwa maana hapa ndipo kuna fundisho. Hakufanya ekipe ya Waafrika upande huu na ekipe ya watu wa Bosnia upande ule. Aliwachanganya. Katika mazoezi alitaka wote waseme Kiingereza, ili wenye lugha moja wasijitenge na kuwasema wenzao. Kila mchezaji aliweka sahihi kwenye karatasi ya masharti: kufika saa iliyowekwa, kuacha pombe na dawa za kulevya, kuwa na adabu ndani na nje ya kiwanja. Tena, asiyekuja kwenye masomo ya jioni hakuruhusiwa kucheza. Sheria zilikuwa ngumu. Ekipe ya vijana wa chini ya miaka 15 iliposhindwa kuzifuata mwaka 2006, aliisimamisha katikati ya mashindano. Lakini huyohuyo aliyekuwa mkali ndiye aliyewatembelea wazazi nyumbani, akawasomea barua za shule, na akaanzisha kazi ya usafi ili mama za wachezaji wapate mshahara. Watoto walikubali ukali wake kwa sababu waliona anawapenda.

Sasa tufike kwenye kiwanja. Fugees walikuwa wanafanya mazoezi nyuma ya shule ya msingi, mahali pasipo na majani, penye mawe na vipande vya chupa. Wakati huohuo, bustani ya mji iitwayo Milam Park ilikuwa na kiwanja kizuri cha majani ambacho mara nyingi kilikuwa kitupu. Mwaka 2006 meya Lee Swaney alitangaza kwamba pale hapatachezwa mpira wa miguu. Alitaka pabaki kwa besiboli na kwa mpira wa Kimarekani, ule unaoshikwa kwa mikono. Wenyeji waliompigia kura walikuwa wanalalamika, naye aliwasikiliza wao. Lakini watoto wa wakimbizi walielewa neno moja tu: ninyi si wa hapa.

Walifanya nini? Hawakutupa mawe. Mkufunzi wao alikwenda mbele ya baraza la mji, akaomba kwa utaratibu, akaeleza watoto ni nani na watakuwa chini ya ulinzi wa nani. Oktoba 2006 baraza liliwapa ruhusa ya miezi sita. Mabishano hayakuisha siku ile. Lakini Januari 2007 mwandishi Warren St. John aliandika habari zao katika gazeti la New York Times, na mwaka 2009 akatoa kitabu juu yao, Outcasts United. Mwaka uleule wa 2007 Fugees walianzisha shule yao wenyewe, kwa sababu watoto wengi waliwekwa darasani kufuata umri wao, hali vita viliwanyima miaka ya kusoma.

Na wenyeji? Si wote waliobaki na hasira. Kanisa moja la zamani la Kibatisti, ambalo watu wake walikuwa wanapungua, lilifungua milango kwa wageni, likabadilisha jina na kuitwa kanisa la kimataifa. Duka la vyakula lililokuwa linakufa lilianza kuuza vyakula vya wakimbizi na kuwapa wao kazi, likapata uzima. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ninyi wakubwa wa kartie, mkisikiliza upande mmoja tu, hata kiwanja kitupu kitazaa uadui. Iteni pande zote mbili, andikeni saa na siku za kila kundi, halafu simamieni neno lenu. Ninyi wazazi mliokimbia, msiache watoto bila sheria kwa sababu mmepoteza nyumba. Sheria ni nyumba pia. Na ninyi vijana, mkipanga ekipe, msiulize kwanza huyu ni wa kabila gani. Ulizeni anacheza namba gani.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi: Hapa kwetu, ni mahali gani wenyeji na wageni wanagombania? Nani ana neno la mwisho juu ya mahali hapo, na je, amesikiliza pande zote? Watoto wetu wakicheza pamoja kesho, nani atakuwa mkufunzi, na masharti yatakuwa nini?