Pesa za safari kutoka Isiolo hadi ng'ambo ya Moyale

KWA miaka mingi lami ya kutoka Nairobi ilikomea Isiolo, na aliyetaka kufika Ethiopia alidandia lori na kuhesabu siku njiani. Barabara ya takriban kilomita 500 hadi Moyale ilikamilika kuwekwa lami katika miaka ya 2010, kisha kituo cha pamoja cha mpakani kikazinduliwa rasmi Desemba 2020. Safari imekuwa nyepesi. Kinachowatatiza wengi sasa ni pesa.

Tatizo huanzia kwenye simu. Tangu M-Pesa ianzishwe nchini Machi 2007, mkazi wa Isiolo amezoea kulipia mbuzi, nauli na hata chai bila kugusa noti. Akivuka mpaka hulikuta jina lilo hilo, kwani Safaricom Ethiopia ilizindua M-Pesa yake Agosti 2023. Hata hivyo, akaunti za huko ni za birr na ziko mbali na zile za Kenya. Asidhani kwamba salio lake la shilingi litamlipia chumba Addis Ababa. Isitoshe, wenyeji wengi hutumia Telebirr ya Ethio Telecom, iliyoanza Mei 2021. Ni heri kutoa pesa taslimu mtandao wa Kenya ungali hewani.

Je, abebe noti gani? Mjini Moyale shilingi hupokelewa pande zote mbili, maana ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Akishauacha nyuma kuelekea Yabelo na Hawassa, shilingi haimfai tena. Anayekwenda mbali na abebe dola alizonunua katika benki au duka la fedha lenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na aikague kila noti. Dola iliyochanika, kuchorwa au kuchakaa hukataliwa, au hununuliwa kwa bei ya kutupa.

Kubadilisha fedha ndipo wengi huumia. Hadi Julai 2024, serikali ya Ethiopia iliipangia birr bei, karibu birr 57 kwa dola, huku soko la magendo likitoa nyingi zaidi. Tofauti hiyo iliwavuta wasafiri vichochoroni. Julai 29 mwaka huo birr iliachiwa ijitafutie bei sokoni, na kabla ya mwaka kwisha dola moja ilipita birr 100. Benki ya Taifa ya Ethiopia nayo ilianza kutoa leseni kwa maduka huru ya fedha. Aliyekariri bei ya safari iliyopita atapunjwa mchana kweupe.

Anayebadilisha mitaani hukabiliwa na hatari nyingine: noti zisizo na thamani. Septemba 2020 Ethiopia ilitangaza noti mpya za birr 10, 50 na 100, ikaongeza ya 200, na kutoa miezi mitatu za zamani zirudishwe. Wakenya wanalijua jambo hili, kwani noti zetu kuukuu za Sh1,000 zilikoma kutumika Oktoba 1, 2019. Mwenye birr zilizolala sandukuni tangu enzi hizo ana makaratasi tu.

Sheria nayo isisahaulike. Anayeingia au kutoka Kenya na fedha za thamani ya dola 10,000 au zaidi hutakiwa kuzitangaza kwa maafisa wa forodha, la sivyo zinaweza kuzuiliwa. Wafanyabiashara wa mifugo, ambao hubeba fungu kubwa kwa mkupuo, ndio wa kwanza kujikuta mashakani. Ethiopia ina viwango vyake, pamoja na kikomo cha birr zinazoruhusiwa kuvuka mpaka, na hubadilishwa mara kwa mara. Aulize kabla ya kupekuliwa.

Kadi ya Visa hufanya kazi katika mashine za benki Addis Ababa, zikiwemo za Dashen na Benki ya Biashara ya Ethiopia, lakini katika miji midogo njiani asiitegemee. Aiarifu benki yake mapema, maana kadi inayotumiwa ghafla ng'ambo huweza kufungwa. Mashine ikimuuliza iwapo akatwe kwa shilingi au kwa sarafu ya huko, achague ya huko. Ubadilishaji wa papo hapo huwa ghali.

Birr zinazobaki zibadilishwe benki kabla ya kurudi, kwa kuonyesha stakabadhi ya mwanzo. Asishtuke akiona tarehe iliyo nyuma kwa miaka saba au minane: kalenda ya Ethiopia ndivyo ihesabuvyo, ingawa saa zao zinafanana na za Kiswahili.