Mali na Mzizi: Hesabu za Al-Khwarizmi



Mtoto anayeanza aljebra hukutana na vipeo na vipeuo akadhani ni mambo ya wageni. Kumbe maneno yake ya mwanzo ni ya lugha anayoisoma madrasa.

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliishi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Zama hizo ndipo alipoandika kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala, na jina la somo zima limetoka humo. Hakina x, hakina alama ya kujumlisha wala ya kipeuo. Yote ni maneno. Idadi isiyojulikana aliiita jidhr, yaani mzizi. Mzizi ukizidishwa kwa wenyewe huwa mal, neno ambalo Waswahili tunalo: mali.

Swali lake mashuhuri ni hili: mali moja na mizizi kumi ni sawa na 39. Je, mzizi ni ngapi? Anasema, chukua nusu ya idadi ya mizizi, ni 5. Izidishe kwa yenyewe, 25. Ongeza 39, ni 64. Tafuta mzizi wake, ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Jaribu: mali ni 9, mizizi kumi ni 30, jumla 39. Kisha akachora mraba kuonyesha kwa nini njia hiyo ni sahihi, na hapo ndipo penye utamu wenyewe. Mwanafunzi, chora na wewe.

Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitafsiri kwa Kilatini, na jidhr ikawa radix, mzizi vilevile. Kabla ya hapo al-Karaji, aliyefanya kazi Baghdad, alikwisha kuvipandisha vipeo: mali, kaab, mali ya mali, na kuendelea. Kuandika kipeo kwa tarakimu ndogo juu kulienea baada ya kitabu cha Descartes cha 1637.

Alama zilipokuja, hatua zote zikabanwa katika mstari mmoja: √(5² + 39) − 5. Mwenye kutafuta kipeuo cha 5² peke yake na cha 39 peke yake amekwisha kupotea. Shule za Tanzania hufundisha neno MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Ni zuri, ila halitaji vipeo, tena humfanya mtoto adhani kujumlisha hutangulia kutoa daima. Mpe 10 − 4 + 3, huenda akasema 3. Jibu ni 9, kwa sababu hayo mawili yana daraja moja na huenda kutoka kushoto.

Wapo watakaosema hizo ni hesabu za darasani tu. Sehemu kubwa ya kitabu cha al-Khwarizmi ni wasia na mirathi! Chukulia marehemu ameacha shilingi 900,000, anadaiwa 300,000, na ameusia theluthi. Deni hutangulia: zinabaki 600,000, wasia ni 200,000, warithi wana 400,000. Sasa anza na theluthi kabla ya deni: wasia unakuwa 300,000, deni 300,000, na warithi wanabaki na 300,000. Mayatima wamepoteza 100,000, na hakuna aliyekosea kujumlisha wala kutoa.